Mluzi wa Moyo wa Baba

Baba yangu alililiwa matanga mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mzima, amekaa kwenye kigoda, anakula bukari, ugali wa kwetu, na lengalenga na kulalamika kwamba mboga imezidi chumvi. Watu wakisikia kisa hiki hunitazama kwa huruma, wakingoja niseme kwamba najuta, maana chombo kilicholeta matanga yale nilikitengeneza mimi. Sisemi. Chombo kilifanya kazi yake sawasawa. Iliyokosea ni batri, na batri haikuwa yangu.

Nitaeleza toka mwanzo, ingawa kueleza jambo kwa utulivu sijazoea. Mama alikuwa akisema ninakaa kitini kama mtu aliyekalia siafu. Mwaka ule hata waliozoea kutulia hawakutulia. King'ora cha viwanda vya Panda, mtaa wetu wa Likasi, kilichokuwa kikituamsha tangu utoto, kilinyamaza, na watu wakawa wanaamka ovyo, wengine alfajiri mno, wengine jua limeshapanda, kisha wanasimama milangoni bila kujua wanaelekea wapi. Mishahara ilikuwa hadithi. Chuo kikuu cha Lubumbashi kilifungwa nikiwa nakaribia kumaliza masomo ya elektroniki, nikarudi Likasi na begi la nguo na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo hilo mlikuwa na utafiti wangu.

Utafiti ni neno kubwa. Kulikuwa na kibanio cha nguo, kile cha kuanikia. Upande mmoja nilikuwa nimetia taa ndogo nyekundu, upande wa pili kihisi cha mwanga kidogo kuliko punje ya harage. Ukibana kidole, mwanga unapita nyamani. Moyo ukisukuma damu, kidole kinajaa na mwanga unapungua kidogo, kidogo mno, jicho haliwezi kuona. Kihisi kinaona. Kutoka hapo waya zilikwenda kwenye saketi niliyoitoa katika redio mbovu, ambayo kazi yake ilikuwa kukikuza kile kidogo mpaka kisogeze mshale wa mita ya umeme. Mwalimu wangu alikuwa ameniahidi kukitazama. Aliondoka nchini kabla hajakitazama, na sikumlaumu. Niliudhika tu, kama ninavyoudhika hadi leo nikipika chakula mtu asije.

Sasa habari ya baba. Babu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na baba akazaliwa katika kambi ya wafanyakazi, Panda. Kasai hajawahi kuiona hata siku moja. Mama ni mtu wa Kapolowe. Walioana, wakanizaa, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza lolote. Kisha ikaja ile fukuza-fukuza. Watu tuliosali nao, tuliochota nao maji, walianza kuwaita watu wa asili ya baba bilulu, yaani wadudu, na kuwaambia warudi kwao. Tulitolewa katika nyumba ya kampuni. Familia nyingi zilijaa stesheni, zikalala chini ya mabati na mapazia zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Sisi tulipata bahati: kanisa la mama, la Kipentekoste, lilitupa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea ngoma na viti.

Baba alikuwa na ugonjwa wa moyo. Moyo wake ulikuwa unaruka: unapiga vizuri, unasita, kisha unapiga kwa haraka kama mtu aliyechelewa. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, treni: mabehewa yaliyo wazi, jua na mvua, siku ambazo hakuna aliyeweza kuzihesabu mapema, na kila mara habari zilirudi kwamba kuna waliozikwa kando ya reli. Ya pili, kujificha Kapolowe ukweni, kwa ndugu za mama. Waliokuwa tayari kumpokea walikuwepo. Lakini mwanamume mzee kuhamia ukweni, alishwe na shemeji zake, kwa baba hilo lilikuwa kaburi lenye mlango. Mama akalia, mimi nikafoka, na baba akatoa uamuzi wake, yaani akakataa kuamua.

"Dokta aseme," alisema. "Ye njo anajuaka moyo yangu."

Daktari huyo alikuwa amemtibu muda mrefu katika hospitali ya mjini. Naye alikuwa mtu wa asili ileile, kwa hiyo alikuwa ameshapanda treni ya mwanzo. Alikuwa Mwene-Ditu, Kasai. Barua haziendi, simu zimekufa. Iliyobaki ni fonie.

Siku hizi vijana hawaijui fonie. Ni redio ya kuzungumzia miji ya mbali, ambayo mfanyabiashara au parokia ilikuwa nayo. Yetu ilikuwa nyumbani kwa mama mmoja muuza samaki wakavu, mnene, mkali, tuliyemwita mama wa fonie. Waya wa antena aliutandaza kati ya miparachichi miwili, na redio ilikula umeme wa batri ya gari, kwani ule wa ukutani ulikuja ukipenda. Unafika, unaketi kwenye benchi na wenzako, unangoja zamu. Ukisema la kwako unamalizia na "avu", neno tulilochukua kwa Wafaransa, maana yake: sema na wewe. Siri haikuwepo. Kamina walisikia, Mbuji-Mayi walisikia, Kolwezi walisikia. Vifo vilitangazwa humo, na aliyesikia aliwapelekea wenyewe, hata kama hawafahamu. Hiyo ilikuwa heshima ya fonie: habari ya msiba haiachwi njiani.

Daktari tulimpata. Nilimweleza. Akasema kwa ukali wa mtu mwenye uchungu kwamba hawezi kumpima mgonjwa kwa maneno ya binti yake. Mgonjwa haulizwi uji, sawa, lakini nani anaupika uji huo bila kuona chungu? Ausikie moyo mwenyewe, ndipo atasema.

Basi niliondoka pale nikikimbia. Nilichukua mpira wa kusikilizia mapigo ya moyo ambao muuguzi mmoja wa kanisani alikuwa nao, nikatia ndani yake kipaza sauti cha simu iliyokufa. Kwenye kipande cha spika chumbani moyo wa baba ulisikika vizuri, du-dum, du-dum, mpaka mama akafumba macho. Tulipofika kwenye fonie na kuubandika kifuani pake, upande wa pili hawakusikia kitu. Mvumo tu. Tulijaribu tena mpaka watu wa benchi wakaanza kuguna. Nilitamani kuipiga teke ile redio.

"Mwanamuke aseme!" alifoka mama wa fonie, akiwa anataka kutuondoa. "Sauti ya banaume inabakiaka mu njia!"

Alikuwa akisema hivyo kila siku, kwa kila mtu, na wanaume wenye sauti nzito walikuwa wameshazoea kuwatuma wake zao waseme badala yao. Mimi pia nilikuwa nimezoea, na mazoea hayafikiri. Siku ile nikiwa njiani, nimekasirika, ndipo nilipoanza kufikiri. Fonie inakata sauti nene. Moyo ni sauti nene kuliko ya mwanamume yeyote. Kuupeleka ulivyo ni kazi bure. Ni lazima niupe moyo sauti ya mwanamke.

Nikakitoa kile kibanio koponi. Mshale sikuuhitaji tena. Nilihitaji saketi ndogo ya kupiga mluzi, mluzi mmoja mwembamba unaoweza kupita fonie, na kibanio kiuongoze: damu ikijaa kidoleni mluzi upande, damu ikirudi mluzi ushuke. Transista nilizipata katika redio kuukuu za waumini. Umeme ulikatika, nikapashia chuma cha lehemu kwenye makaa ya mbabula, jiko la mama, huku yeye akisubiri kupika na kunitazama vibaya. Kikikaa motoni muda mrefu kinakuwa cheusi na lehemu haishiki. Kikitoka mapema kinapoa kabla hujafika kwenye waya. Nilikuwa nakimbia kati ya mbabula na meza kama kuku aliyepoteza kifaranga.

"Ikala hata kidogo!" mama alisema. "Utatuunguza."

"Nikikaa papa atakufa," nilimjibu. Nilisema kwa hasira, na sikumwomba radhi. Sikuwa na nafasi.

Tulirudi. Baba alikaa karibu na redio katika koti lake la Jumapili. Umeme wa chombo, ambacho nilikuwa nimekirudisha koponi, niliuchukua kwenye batri ileile ya gari, kwani nyingine hatukuwa nayo. Nilimbana kidole. Mluzi ukatoka: wiii-yu, wiii-yu, kisha ukabaki chini, ukasita, ukapanda kwa haraka mara kadhaa. Nikausogeza kwenye kipaza sauti nikabonyeza.

Sijawahi kusikia fonie ikinyamaza vile. Kwa kawaida kuna mtu anaingilia, kuna mtu anaita shangazi yake, kuna mtu anagombania mahindi. Waliokuwa kwenye mawimbi yale, mji kwa mji, walikaa kimya wakisikiliza moyo wa mzee mmoja wa Panda. Niliona fahari, sitaficha. Nilijisikia kwamba yule mwalimu aliyekimbia amekosa kitu.

Sauti ya daktari ilirudi, na sasa haikuwa na ukali. "Nasikia muzuri sana. Muzee atembee kidogo mu lupango, halafu murudishe ile kintu ku kidole. Avu."

Baba akatembea uani, akazunguka miparachichi yote miwili na kurudi akihema. Mama alianza kusali kwa sauti, kama walivyosali kanisani kwao, "Ee Yesu, Ee Yesu, umushikilie," na watu wa benchi wakampokea. Nikabana kidole, nikabonyeza. Mluzi ulikuwa unaruka sana. Kisha ukaanza kushuka. Haukupanda tena; ulishuka taratibu, ukawa mnene, ukawa mzito, ukapotea. Taa ya redio nayo ikafifia na kuzimika. Batri ya mama wa fonie ilikuwa imekwisha.

Tulicheka kwa uchungu, tukarudi nyumbani. Umeme wa mjini haukuja upesi, na bila umeme batri haijazwi. Mimi nilikuwa naenda kwa mama wa fonie asubuhi na jioni kuuliza, mpaka akanifungia mlango. Stesheni watu walisema treni iko njiani. Baba alikaa kwenye kigoda chake akila, akikosoa chumvi.

Hatimaye batri ikajaa, tukaita Mwene-Ditu. Aliyejibu alikuwa mtu wa fonie ya kule, na sauti yake ilikuwa ya unyenyekevu usio wa kawaida.

"Poleni sana na kifo ya papa. Huku tulimulilia, tulifanya yote sawa inafaa. Avu."

"Papa gani?" nilipiga kelele. "Papa iko hapa, iko anavaa kofia! Avu!"

Hawakuniamini. Walikuwa wamesikia wenyewe: moyo umehangaika, watu wanasali, moyo umeshuka, kimya. Nani atahitaji maelezo zaidi? Na kwa heshima ya fonie, habari haikuachwa njiani. Kila mji uliosikia uliipeleka mbele, mpaka ikamfikia shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameondoka na treni ya mwanzo. Shangazi alikalia mkeka wa matanga. Wakanyoa nywele. Watu wa kijiji cha babu, ambao hawajawahi kumwona baba usoni, walikuja na unga na kuku, wakamlilia kwa jina la babu. Hata daktari alikwenda kutoa rambirambi, maskini, akijilaumu kwamba ndiye aliyemwamuru mzee atembee.

Shangazi aliletwa kwenye fonie. Baba akachukua kipaza sauti akasema naye, akamwita kwa jina la utotoni. Lakini sauti ya baba ilikuwa nzito, nzito kama pipa, nayo ilibaki njiani kama za wanaume wote.

"Miye sisikii muntu, nasikia pepo," shangazi alilia. "Batuwekee ule mluzi. Kama ni ye, moyo yake iseme. Avu."

Nikamshika baba mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikambana kidole. Mluzi ukapanda, ukashuka, ukaruka, ukasita, ukapanda. Kule wakaanza kupiga vigelegele. Tulivisikia vikikatika-katika katika mvumo, sauti za wanawake wengi, nazo zilipita vizuri sana. Baba alitazama ile redio na machozi yakamtoka waziwazi. Sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata siku tuliyotolewa nyumbani.

Daktari naye alikuwa ameitwa, akausikiliza moyo mpaka akatosheka. Kisha alisema wazi, akarudia kwa Kifaransa ili pasiwe na shaka: asipande treni. Moyo huu haufai safari ile. Aende Kapolowe, apumzike, asibebe kitu.

Nilifurahi kiasi cha kumkumbatia mama wa fonie, naye hakuwa mtu wa kukumbatiwa. Jambo lilikuwa limekwisha. Baba alitaka daktari aseme, na daktari amesema. Njiani nilikuwa ninapanga kwa sauti: nani atatupeleka Kapolowe, tutabeba nini. Tulipofika kanisani, baba akakaa.

"Nitapanda treni," alisema.

Nilimfokea. Mtoto hamfokei baba yake, najua, lakini nilimfokea mpaka mchungaji akatoka kutazama. Nilimuuliza kazi yangu yote ilikuwa ya nini, lehemu yote ile, daktari yule, mluzi ule. Aliningoja nimalize.

"Hapa nilizaliwa," alisema. "Banatutoa mu nyumba, hakuna hata jirani moya alikuja kusema kwaheri. Kule hawanijue, na banaisha kunililia. Weye uniambie: nikifa hapa, nani atanililia?"

Nilisema mimi. Mama alisema mimi. Akatikisa kichwa kwa upole, kana kwamba tumemjibu swali jingine.

Treni ilipokuja, alipanda. Mama alitaka kwenda naye, akakataa. Alisema atamwita akishapata pa kukaa, kwamba watu wa Kapolowe hawatamgusa mtu wao, na mimi, kwa kuwa kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, ni mtu wao pia. Nilimpa lile kopo. Nilikuwa bado nimenuna, nikamweleza kwa maneno machache waya upi uende wapi. Alilishika kwa mikono miwili huku behewa likiondoka, nami sikumpungia mkono mpaka alipokuwa mbali, ndipo nikapunga kama mwendawazimu.

Alifika. Naam, alifika, na daktari alipomwona alishika kichwa. Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa mama wa fonie, na baba alikwenda kwenye fonie ya kule. Kuzungumza hakukuwa na maana kwa sauti yake ile. Shangazi alisema habari, kisha baba akajibana kidole mwenyewe, na mama alisikiliza mluzi akiwa ameegemea ukuta, kitenge kimefunika mdomo. Alijifunza kuusoma. "Leo amechoka," alisema. Au: "Leo alikula nyama." Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, natoka, naingia. Kumwita mama bado hakumwita. Nyumba ilikuwa haijaisha, au nauli, au mvua.

Jumapili moja mluzi ulianza vizuri. Ukaruka kidogo, kama kawaida yake. Kisha ukashuka taratibu, ukawa mnene, ukapotea. Tuliita. Tukapata mvumo.

Watu wa benchi walimtazama mama. Mwanamke mmoja alianza kujitoa kilemba, kama msibani.

"Ni batri," nilisema haraka.

"Njo batri," mama alisema. "Siku ile pia ilikuwa batri."

Na tukacheka, ndiyo, tulicheka, tukawakumbusha watu kisa cha mzee aliyeliliwa huku anakula bukari. Njiani mama alinunua samaki. Waumini waliokuja jioni na mikeka yao aliwarudisha kwa utani, akawaambia matanga ya mume wake yameshaliwa Kasai, hayarudiwi. Wiki ile nilikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuwa. Niliketi. Nilishona pindo la gauni. Tulisema: watakuwa wanangoja umeme, kama sisi siku zile.

Jumapili iliyofuata mama alivaa kitenge kipya. Mama wa fonie alituambia batri imejaa, tusiwe na wasiwasi, tuseme mpaka tuchoke. Niliita Mwene-Ditu, na shangazi akajibu mara moja, kama aliyekuwa amekaa pale akitungoja. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Sikuita, juu ninyi benyewe mulisikia," alisema. "Alianguka na ile kintu ku kidole, mbele ya bote. Tulimuzika siku yenye ilifuata. Na huko kwenu, mulimulilia muzuri? Avu."

Mama alinitazama nijibu. Watu wa benchi walinitazama. Nilibonyeza, nikaachia, nikabonyeza tena, na taa ya redio ilikuwa inawaka vizuri kabisa.